Chozi wa Barazani na Baridi ya Lushoto

Mwezi wa saba jua la Lushoto huamka kwa uvivu. Saa moja asubuhi ukungu bado umelala bondeni, msitu wa Magamba hauonekani, na watu wamevaa makoti juu ya kanga, kila mmoja amekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili. Saa hiyo hiyo ndege asiyefika gramu 10 anatua kwenye waya wa baraza yangu. Anajikung'uta, anatupa jicho kushoto na kulia, anaingiza mdomo wake uliopinda kama shazia kwenye tundu la kopo, anafyonza, anainua kichwa, anafyonza tena. Hesabu hadi kumi, ameshaondoka.

Huyo ni chozi. Jina lake ni lile lile la tone la jicho, na anayejifunza Kiswahili akisikia mtu anasema "nimemwona chozi mgombani" hushangaa kidogo.

Wanaokuja kunitembelea huuliza swali moja: nifanyeje na kwangu waje? Jibu ni refu kuliko wanavyotarajia, na sehemu yake kubwa haihusu kopo hata kidogo. Niseme mapema: kopo la maji ya sukari ni la kukusaidia wewe umwone chozi kwa karibu. Kinachomlisha ni maua na wadudu. Ukichanganya mambo haya mawili utamaliza sukari bure, na pengine utamdhuru ndege uliyetaka kumsaidia.

Maelekezo mengi ya kulisha ndege wa maua yameandikwa kwa ajili ya kolibri, ndege wadogo wa bara la Amerika. Huku kwetu kolibri hawapo. Wanafanana na chozi kwa kazi na kwa rangi za kumetameta, lakini si ukoo mmoja. Kolibri hunywa akielea hewani, mabawa yakivuma. Chozi anaweza kuelea kwa sekunde chache akibanwa, ila desturi yake ni kutua kwanza, kushika kitu kwa kucha, ndipo anywe. Nililijua hilo kwa aibu. Ndugu yangu aliniletea chupa nzuri ya kioo kutoka ng'ambo, yenye maua ya plastiki mekundu, nami nikaitundika kwa majivuno. Chozi walikuja, wakapigapiga mabawa mbele yake, wakaenda zao. Siku ya nne nilizungushia chupa ile pete ya waya wa kufungia nondo, mahali pa kukanyaga tu. Kabla ya adhuhuri wa kwanza alikuwa ameketi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hiyo: asipopata pa kutua, hata ukimwekea asali ya mbinguni hatakunywa.

Baridi inamfanya nini

Sufuria la ugali hukaa na moto muda mrefu. Tonge moja hupoa kabla hujalifikisha mdomoni. Chozi ni tonge. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, na mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai joto huweza kushuka karibu na nyuzi 10. Huko juu, kwenye vilele vya Magamba vinavyopita mita 2,200, ni baridi zaidi. Watafiti waliowapima chozi wa milima ya Afrika wamekuta kwamba usiku ndege hawa huteremsha joto la miili yao, kama mtu anayepunguza utambi wa taa ili mafuta yafike asubuhi. Wakiamka akiba imekwisha.

Na asubuhi ya ukungu ndiyo asubuhi mbaya zaidi. Inzi na mbu wadogo hawaruki, buibui wamejikunyata, na wadudu ndio nyama ya chozi. Kinachobaki ni mbochi, ule utamu ulio ndani ya ua.

Hapo ndipo kopo lina kazi. Liwe limeshatundikwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla hujachemsha chai yako, na liwe na kitu ndani kuanzia saa kumi na moja jioni hadi giza linapoingia, kwa sababu wakati huo ndege anajaza akiba ya usiku. Mchana jua likiwa limetoka, kopo likikaa tupu si dhambi. Wengi hufanya kinyume: hulijaza saa nne wakiwa na nafasi, wakalikuta saa kumi na mbili jioni limekauka.

Kuna jambo dogo ambalo nimelizoea na silioni likifanywa na wengi. Maji ya sukari yaliyolala nje usiku huwa baridi kama ya kisimani, na ndege akiyanywa lazima mwili wake uyapashe kwa nguvu ile ile aliyokuja kuitafuta. Mimi hulichukua kopo ndani jioni, na asubuhi hulitoa likiwa na maji ya uvuguvugu. Vuguvugu, si moto: ukidondosha tone kwenye kifundo cha mkono usihisi joto wala baridi, kama unavyopima maziwa ya mtoto.

Kipimo cha sukari

Bibi mmoja jirani yangu alinikuta nikimimina. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akasimama akiangalia. "Mwanangu, sukari watu wanaitafuta ya chai, wewe unawapa ndege?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwonyesha kipimo: vijiko viwili vya chakula vya sukari, vijiko vinane vya maji. Sehemu moja kwa nne. Hicho kinatosha baraza moja. Vijiko viwili ni kama gramu 25, na ukibadilisha kila siku ya pili, miezi ya Juni, Julai na Agosti itakula kilo moja na ushee. Bibi akapiga hesabu yake mwenyewe kwa vidole, akasema basi ni chini ya anayotia mumewe kwenye chai kwa wiki mbili.

Sehemu moja kwa nne imekaribia utamu wa maua mengi yanayotembelewa na ndege. Kuna wanaoongeza sukari wakati wa baridi hadi moja kwa tatu. Sioni haja, maji yetu hayagandi, na mchanganyiko mzito hunata kwenye manyoya na huvuta nyuki upesi.

Tumia sukari nyeupe ya kawaida. Chemsha maji, koroga sukari iyeyuke, acha yapoe. Usitie sukari guru. Usitie asali, hata ile nzuri ya msituni: ikishachanganywa na maji huchacha na kuota ukungu haraka, na inaweza kupeleka maradhi ya mzinga mmoja kwenye mzinga mwingine. Sukari za wagonjwa wa kisukari hazina nguvu yoyote ndani yake, ni kumdanganya ndege mwenye njaa. Rangi nyekundu ya keki haihitajiki. Kipande cha kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye waya kinatosha kumwita mara ya kwanza, na baada ya hapo atakuja kwa mazoea.

Kopo lenyewe

Chupa ya kugeuzwa kichwa chini naiona ni ya maonyesho. Hudondoka jua likiipiga, na tone linalodondoka ndilo linaloita sisimizi. Kopo la chini na pana, la Blue Band au la mtindi, lenye kifuniko kinachobana, linafanya kazi vizuri zaidi na halina gharama.

Osha kopo liishe mafuta kabisa. Pasha msumari mwembamba motoni, toboa matundu matatu au manne kwenye kifuniko, kila moja lisizidi upana wa ncha ya kalamu ya biki. Lainisha kingo za matundu kwa sandipepa, maana plastiki iliyoyeyuka huacha miiba. Zungushia kopo pete ya waya inayotokeza kiasi cha vidole viwili nje, juu kidogo ya usawa wa kifuniko. Hapo ndipo miguu itakapokaa. Tundika kwa waya tatu ili lisiyumbe.

Usilijaze hadi juu. Acha nafasi ya sentimita moja kati ya maji na kifuniko. Ulimi wa nyuki haufiki hapo, mdomo na ulimi wa chozi unafika. Hii peke yake imenipunguzia ugomvi na nyuki kuliko dawa yoyote niliyowahi kushauriwa.

Sisimizi wana njia yao: hushuka kwenye waya. Watu hupaka grisi, nami nasema usifanye hivyo. Grisi ikigusa manyoya haitoki, na ndege mwenye manyoya yaliyoshikana usiku wa baridi hafiki asubuhi. Kata kitako cha chupa ya maji, kitoboe katikati, pitisha waya, ziba tundu kwa mshumaa ulioyeyushwa, kisha jaza maji. Kikombe hicho kikae juu ya kopo kama mtaro. Sisimizi hawaogelei. Kila ukibadilisha sukari, ongeza na maji ya mtaro.

Usiku kuna mgeni mwingine. Watu wa pwani wanamjua komba kwa tabia yake ya kupanda mnazi na kulewa tembo la mgemi. Huku mlimani naye hupenda kitamu, na kopo lililoachwa nje utalikuta chini limepasuka. Sababu ya pili ya kuliingiza ndani.

Sasa mahali. Urefu wa kifua cha mtu mzima unatosha, karibu na kichaka cha kukimbilia lakini si ndani yake, maana paka hujificha humo. Upande wa mashariki wa nyumba ni bora, kwa sababu ukungu ukipasuka jua la kwanza litapiga hapo na ndege watakaa kuota. Kama una dirisha kubwa la kioo, kopo likae ama karibu kabisa na kioo, chini ya mita moja, ama mbali. Katikati ndipo ndege hupata mwendo wa kujigonga afe.

Ukungu na ukungu

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili: ukungu wa mlimani na ukungu wa chakula kilichooza. Kwa mwenye kopo la chozi, wa kwanza huleta wa pili. Unyevu wa milima yetu ya Usambara hauchezi. Msimu wangu wa kwanza nilisafiri siku sita, nikarudi nikakuta uzi mweusi ukielea ndani ya kopo na maji yananuka kama pombe ya siku ya tatu. Nikalimwaga kwa hofu, kwa sababu kolibri wa Marekani wamejulikana kuvimba ulimi kwa maambukizi ya namna hiyo, na ndege aliyevimba ulimi anakufa kwa njaa mbele ya chakula.

Tangu hapo sheria yangu ni hii: Julai na Agosti, kila siku ya pili maji mapya. Siku za jua kali, kila siku. Kopo lioshwe kwa maji ya moto na brashi ya mswaki wa zamani, mara moja kwa wiki lilowekwe kwenye maji yenye siki kidogo, lisuuzwe, likaushwe. Sabuni siipendi, huacha ladha. Kama ratiba yako haikuruhusu haya, usitundike kopo. Panda ua, halihitaji kuoshwa.

Mbabe mmoja, njaa ya wengi

Baada ya wiki utagundua kuwa huna chozi wengi, una mmoja. Dume fulani, mara nyingi mwenye kifua kilichoiva rangi, atajifanya ndiye mwenye kopo. Atakaa kwenye tawi la juu, na kila mwingine akitokea atamshukia kama mshale. Majike yake mwenyewe atayafukuza.

Watu humchukia. Mimi nimejifunza kumheshimu baada ya kusoma kazi ya Frank Gill na Larry Wolf, watafiti wawili walioshughulika na chozi mabawa-dhahabu karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1970. Ndege wale walikuwa wakilinda vipande vya magugu yenye maua ya rangi ya machungwa, yale yanayokaa kama mipira iliyotungwa kwenye fimbo moja. Ukubwa wa vipande ulitofautiana sana, kimoja kama chumba, kingine kama uwanja, lakini idadi ya maua ndani yake ilikaribiana: takriban 1,600, ambayo ndiyo yanayoweza kumlisha ndege mmoja kwa siku. Kwa maneno mengine, ndege alikuwa hapimi ardhi, alikuwa anapima chakula. Na pale mbochi ilipokuwa tele kila mahali hakupigana, kwa sababu ugomvi una gharama yake.

Ukilielewa hilo, dawa ya mbabe inajitokeza yenyewe. Kuongeza ukubwa wa kopo hakusaidii. Unamwongezea utajiri wa kulinda. Tengeneza makopo mawili au matatu madogo, uyatundike pande tofauti za nyumba, kona iwe katikati, asiweze kuyaona yote kutoka tawi moja. Hawezi kuwa mbele na nyuma ya nyumba kwa wakati mmoja. Na maua yakizidi bustanini utaona hasira zake zinapungua zenyewe.

Jihadhari pia na wageni wakubwa. Shore hufika, hunywa kwa pupa, huchafua. Matundu madogo na pete nyembamba humchosha akaondoka.

Nani atakuja, nani hatakuja

Ukoo wa chozi una spishi zaidi ya 140, kutoka Afrika hadi Asia na Australia, na Usambara ina sehemu yake nzuri. Anayetakiwa kukupa fahari Lushoto ni chozi wa Usambara: dume lina kichwa na mgongo wa kijani kinachomeremeta na utepe mwekundu kifuani. Duniani kote anaishi milima hii na michache jirani zake, basi. Ukimwona kwenye kopo lako, elewa kuwa mtu wa London anapanda ndege, analala Mombo na kupanda milima kwa gari kuja kumwona huyo huyo anayekuchafulia waya wako.

Wengine wa kawaida ni chozi wa kijani kibichi mwenye tumbo la njano, mdogo na mdomo mfupi, na yule wa rangi ya zeituni asiye na madoido, ambaye husikika kabla ya kuonekana. Majike ya karibu aina zote yana rangi za vumbi. Usiyadhanie kuwa ndege wengine.

Chozi wa Amani usimngojee. Huyo ni wa misitu ya Usambara Mashariki na misitu michache mingine, mmoja wa wale walio hatarini kutoweka, na maisha yake yapo juu kwenye matawi ya miti mirefu. Amani, wilayani Muheza, Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Mwingereza Reginald Moreau alifika hapo mwaka 1928 kwa kazi ya ofisi, akageuka mtaalamu mkubwa wa ndege wa Afrika, na mwaka 1935 yeye na mtaalamu mwenzake W. L. Sclater ndio waliomtangaza chozi huyo kwa wanasayansi. Kumwona, nenda kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, inamisha shingo nyuma, uwe na subira.

Baadhi ya ndege wa misitu ya milimani huteremka miezi ya baridi hadi misitu ya chini. Usishangae basi kama aina fulani itakuhama Juni na kurudi jua likirudi, na usidhani umekosea sukari.

Bustani ndiyo kopo kubwa

Nilisema ua ndilo linalomlisha. Sasa ni ua gani?

Nianze na lisilofaa. Ua maarufu kuliko yote ya Usambara duniani ni urujuani wetu wa Afrika, ambao Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, aliupeleka Ulaya mwaka 1892, na leo uko kwenye madirisha ya mabibi wa kila nchi. Chozi hana haja nao. Hautoi mbochi, kazi yake ni na nyuki wanaotaka chavua. Upande kwa fahari ya nyumbani, si kwa ndege. Lantana nayo chozi huipenda, ila usiipande: imeshavamia mashamba na kingo za misitu kiasi cha kutosha.

Mshubiri ndio chaguo langu la kwanza. Aina nyingi huchanua wakati wa ukame na baridi, wakati hasa ambapo vingine vimelala, na huota kwa machipukizi unayoomba kwa jirani bila kununua. Panda mstari mzima kando ya ukuta wa matuta yako. Mizizi itashika udongo pia, na Lushoto kila mtu anajua udongo unakokwenda mvua za masika zikipiga.

Mwambangoma ni wa pili. Hukatwa fimbo, ikachomekwa ardhini, ikaota. Kiangazi hupukutisha majani yote kisha hujaa maua mekundu matupu, na hapo kopo lako litasahaulika siku nzima. Yale magugu ya mipira ya machungwa ya Naivasha hata huku yapo kandokando ya mashamba. Ukipalilia, acha kona moja.

Mgomba usiudharau. Ule mchanua wa zambarau unaoning'inia chini ya mkungu umejaa mbochi. Usiku popo huja, asubuhi chozi hupokea zamu. Wataalamu wa kilimo hushauri kuukata baada ya ndizi kufunga, na kama mnyauko wa migomba umefika eneo lako wafuate bila ubishi, maana wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Kama haujafika, acha mmoja au miwili ikae.

Angalia pia ile mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine na kuinyonya. Mkulima huiona adui. Lakini baadhi yake ina maua membamba mekundu ambayo hufumuka kama bastola ya mchezo pale chozi anapoyagusa kwa ncha ya mdomo, yakamnyunyizia chavua usoni. Kwenye mti usio wa matunda, iache. Burudani hiyo huwezi kuinunua.

Ukiona maua marefu ya haibiskasi yametobolewa kitako, si mdudu. Ni chozi, ameona mlango wa mbele uko mbali akapitia dirishani.

Vitu vitatu vinavyoua

Cha kwanza ni dawa. Wilaya hii inalisha Dar es Salaam kabichi, karoti na nyanya, na pampu ya mgongoni iko kwenye kila shamba. Chozi halishi makinda yake sukari, huyalisha buibui na wadudu. Ukipulizia kabichi leo asubuhi, wadudu wanaoyumbayumba kwenye ua wa nyuma mchana ndio wanaopelekwa kiotani. Pulizia kinachostahili tu, jioni upepo umetulia, na usipitishe pampu kwenye maua na michongoma ya uzio.

Cha pili ni ufagio. Jike hujenga kiota kinachoning'inia kama pochi, amekifuma kwa utando wa buibui. Ndani ya nyumba fagia utando upendavyo. Chini ya paa la banda la kuni uuache, ni duka lake la uzi.

Cha tatu ni manati na ulimbo. Kuwakemea watoto hakujawahi kunisaidia. Nilichofanya ni kumpa mmoja wao kazi ya kujaza mtaro wa sisimizi na kuandika kwenye daftari nani amekuja saa ngapi. Ndani ya wiki mbili yeye ndiye alikuwa akiwakimbiza wenzake wenye manati, na daftari lake lilikuwa sahihi kuliko kumbukumbu zangu.

Kufikia katikati ya Septemba, mwambangoma ukiwa umewaka, punguza. Siku moja weka, siku moja ruka, kisha acha. Chozi hatakufa kwa kukosa kopo lako. Alikuwa akizunguka mamia ya maua kila siku hata ulipodhani anakutegemea. Osha, kausha, weka kabatini hadi Juni.

Bado jambo moja, na hili ni kwa wageni wanaoegesha magari. Dume la chozi likijiona kwenye kioo cha pembeni huona mshindani, na hushambulia kioo hicho kuanzia asubuhi hadi linachoka kabisa, siku baada ya siku, wakati nguvu hizo ndizo lilizohitaji kuvukia usiku. Sukari yote niliyoieleza hapa hairudishi hasara hiyo. Ukija Lushoto, beba mifuko miwili ya kitambaa, na ukishazima injini, vifunike vioo.